Wagner: Mtoto wa mgodini aliyeikataa picha yake, ikaja kuuzwa mabilioni

NI kikaratasi kidogo tu. Upana wake haufiki sentimita nne na urefu hauzidi saba, ukikiweka kwenye kiganja cha mkono nafasi inabaki. Mbele kuna picha ya mwanaume wa makamo, nywele kazigawa katikati, uso mkavu kama anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti. Nyuma yake ni rangi ya chungwa. Chini limeandikwa jina lake na mji wake: Wagner, Pittsburg.

Agosti 2022 kikaratasi cha aina hiyo kiliuzwa Dola 7.25 milioni za Marekani, zaidi ya Sh16 bilioni kwa viwango vya wakati huo. Kwa pesa hiyo unasajili kikosi kizima na chenji inabaki ya kujenga uwanja wa mazoezi.

Cha ajabu ni kwamba mwenye hiyo sura hakutaka itolewe. Aliambiwa picha yake itawekwa ndani ya pakiti za sigara, akagoma. Kugoma kwake ndiko kulikofanya kadi ziwe chache, na uchache ndio uliozipandisha bei. Yeye mwenyewe hakupata hata senti. Alifariki mwaka 1955, na kuna kipindi maisha yalimpiga hadi klabu yake ya zamani ikabidi imtafutie kazi.

Huyo ndiye Honus Wagner, mmoja wa wachezaji wakubwa kuwahi kutokea katika besiboli, mchezo ambao Wamarekani wanaupenda kama huku tunavyoupenda mpira wa miguu.

MGODINI AKIWA NA MIAKA 12

Jina lake la kuzaliwa ni Johannes Peter Wagner, na Honus ni kifupisho cha nyumbani. Alizaliwa Februari 24, 1874 katika eneo ambalo leo linaitwa Carnegie, nje kidogo ya Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Ujerumani na yeye alikuwa mmoja wa watoto tisa.

Pittsburgh ya wakati ule ilikuwa mji wa chuma, moshi na makaa ya mawe. Mtoto wa kiume katika familia ya aina hiyo hakuulizwa akikua atakuwa nani. Wagner aliacha shule akiwa na miaka 12, akaingia mgodini pamoja na baba yake na kaka zake kuchimba makaa.

Muda wa mapumziko walikuwa wanacheza besiboli. Kaka yake Albert ndiye aliyeanza kutoka. Alipata timu ya ligi ndogo, na timu ilipopungukiwa na mtu mwaka 1895, akamwambia kocha nyumbani kuna mdogo wake anaweza kuziba pengo. Dogo akaitwa. Albert mwenyewe alikuja kucheza ligi kubwa msimu mmoja tu, 1898, akapotea. Mdogo mtu akadumu misimu 21.

Mwaka 1896 alisajiliwa na Ed Barrow, aliyekuwa na timu katika mji wa Paterson, New Jersey. Wapenzi wa mchezo huo wanasimulia kuwa Barrow alimkuta kijana huyo akirusha mawe karibu na reli, akaona mkono unavyotupa mbali, akamaliza biashara palepale. Huenda stori hiyo imeongezwa chumvi, lakini usajili ni wa kweli. Mwaka uliofuata, 1897, Wagner akatua Louisville na kuanza maisha ya ligi kuu.

MATEGE YENYE KASI

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe, besiboli inachezwa na timu mbili za watu tisa tisa. Mmoja anarusha mpira kwa nguvu, mpinzani anajaribu kuupiga kwa gongo. Akiupiga vizuri anakimbia kuzunguka vituo vinne, na akifanikiwa kurudi alipoanzia timu yake inapata pointi. Ni kazi ngumu. Mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kila majaribio kumi tayari ni mkali.

Wagner kwa macho hakuwa na mwili wa mwanamichezo wa kwenye mabango. Alikuwa na kifua kipana, mikono mirefu, viganja vikubwa kama koleo na miguu yenye matege ya kuonekana kutoka jukwaani. Ungemwona akitembea ungesema huyu hawezi kukimbia. Halafu angekimbia.

Katika mchezo huo kuna kitu kinaitwa kuiba kituo, yaani kuchomoka kwenda kituo cha mbele kabla wapinzani hawajashtuka. Wagner aliiba vituo zaidi ya mara 700, na misimu mitano alimaliza akiwa kinara wa ligi yake. Ndiyo maana wakambatiza jina la Mdachi Arukaye. Kule Marekani neno la Kijerumani la kujiita Mjerumani lilikuwa limegeuka kuwa jina la utani, kama ambavyo wazee wa pwani ya Afrika Mashariki walivyolichukua neno hilohilo na kuwaita Wajerumani Wadachi.

Alicheza karibu kila nafasi uwanjani kabla ya kutulia kati ya kituo cha pili na cha tatu, sehemu inayopitisha mipira mingi ya chinichini. Kwa lugha ya soka ni kama kiungo mkabaji, thamani yake unaijua siku hayupo. Inasimuliwa kuwa viganja vyake vilikuwa vinazoa mpira pamoja na kokoto za uwanjani, na alipoutupa kwa mwenzake vyote viliondoka kwa pamoja.

ARUDI NYUMBANI

Mwishoni mwa 1899 ligi ilipunguza timu kutoka 12 hadi nane, na Louisville ikawa miongoni mwa zilizokatwa. Mmiliki wake, Barney Dreyfuss, alikuwa mjanja. Alinunua hisa katika klabu ya Pittsburgh Pirates na kuhama na mastaa wake, Wagner akiwa wa kwanza kwenye orodha. Hivyo mwaka 1900 mtoto wa Carnegie akawa anacheza kilomita chache kutoka nyumbani kwao.

Alikiwasha kuanzia msimu wa kwanza. Alimaliza na wastani wa upigaji wa .381, yaani karibu mara nne katika kila majaribio kumi, na kuwa mpigaji bora wa ligi. Tuzo hiyo aliichukua mara nane kwa jumla: 1900, 1903, 1904, 1906, 1907, 1908, 1909 na 1911. Pirates nao wakabeba ubingwa wa ligi yao miaka mitatu mfululizo, 1901, 1902 na 1903.

Mwaka 1901 ikaibuka ligi pinzani iliyokuwa inapita na mabegi ya pesa kuchukua wachezaji. Inaelezwa kuwa Wagner alitandikiwa mezani noti za Dola 20,000 ahamie Chicago, mkwanja ambao mchimba makaa asingeuona maisha yake yote. Akakataa, akabaki kwao.

Lakini asichukuliwe kama mtu asiyejua thamani yake. Mwaka 1908, akiwa na miaka 34, alitangaza kuwa anastaafu. Pittsburgh nzima ikachanganyikiwa. Alirudi ligi ikiwa imeanza, na mshahara wake ukawa Dola 10,000 kwa mwaka, mara mbili ya wa awali. Msimu huo akapiga kwa wastani wa .354. Jamaa alijua lini aseme ndiyo na lini agome, na jambo hili ni muhimu kwa kinachofuata.

DONDA LA 1903

Kabla ya hapo kulikuwa na kovu moja. Mwaka 1903 bingwa wa ligi moja alikutana na bingwa wa ligi nyingine kwa mara ya kwanza katika fainali inayoitwa Mashindano ya Dunia. Pirates walikutana na Boston.

Wagner alikuwa na maumivu ya mguu na ikaonekana. Wastani wake ulishuka hadi .222 na alifanya makosa sita ya ulinzi. Boston walishinda michezo mitano kwa mitatu, na mtu wa mwisho kutolewa katika mchezo wa mwisho, akipiga hewa, alikuwa Wagner mwenyewe. Kama umewahi kumwona nahodha akikosa penalti ya mwisho kwenye fainali, basi picha unaipata. Magazeti yalimwandama, wengine wakamwita mwoga wa mechi kubwa. Alisubiri miaka sita kujibu.

Mwaka 1909 Pirates walihamia uwanja mpya wa Forbes Field, wakashinda michezo 110 na kutinga fainali dhidi ya Detroit Tigers. Huko kulikuwa na kijana wa miaka 22 aliyekuwa anatisha Marekani nzima, Ty Cobb, mpigaji bora wa ligi ya pili. Wagner alikuwa na 35. Ikawa vita ya mzee na dogo.

Mzee akashinda kila kona. Alipiga kwa wastani wa .333 dhidi ya .231 wa Cobb, akaiba vituo sita wakati Cobb aliiba viwili, na Pirates wakachukua ubingwa kwa michezo minne kwa mitatu. Baada ya hapo hakuna aliyemwita mwoga tena.

SIGARA ZAGONGA HODI

Ni katika kipindi hichohicho, 1909, kampuni ya American Tobacco ilipoanza kuweka kadi za wachezaji ndani ya pakiti zake za sigara. Kampuni hiyo ilikuwa imemeza wapinzani karibu wote, hadi mwaka 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamuru ivunjwe. Kadi zilikuwa na kazi mbili, kuifanya pakiti isipondeke na kumvuta mteja arudi kununua tena. Kufikia 1911 zilikuwa zimetoka kadi tofauti zaidi ya 500, na watoto walikuwa wanasimama nje ya maduka kuwaomba wakubwa wanaotoka na sigara wawape ile picha.

Kadi ya Wagner ilichapwa, lakini uchapaji ukasimama mapema. Wakati kadi za wenzake zilitoka kwa maelfu, yake iliwahi kutoka chache tu, na zinazojulikana kuwepo leo zinakadiriwa kuwa 50 hadi 60.

Kwa nini? Simulizi ya zamani zaidi ilichapwa mwaka 1912. Kampuni ilimtumia mwandishi mmoja wa Pittsburgh, John Gruber, amwombe Wagner ruhusa, na akifanikiwa alipwe Dola 10. Wagner akamjibu kwa barua kuwa hataki picha yake iwe ndani ya pakiti ya sigara. Kisha, kwa kuwa hakutaka rafiki yake akose riziki kwa ajili yake, akaambatanisha hundi yake mwenyewe ya Dola 10.

Wengi wanaamini aligoma kwa ajili ya watoto, hakutaka wanunue sigara ili wapate sura yake. Wapo wanaobisha. Wanasema Wagner mwenyewe alikuwa mtafunaji mkubwa wa tumbaku na mvutaji, na akiwa Louisville sura yake iliwahi kutumika kwenye kadi ya muuza tumbaku. Hata kwenye kadi yake ya mwaka 1948, akiwa kocha mzee, anaonekana na tumbaku ya kutafuna. Kwa hiyo, wanasema, ishu ilikuwa malipo.

Hoja zote mbili zinaweza kukaa nyumba moja. Mtu anaweza kutafuna tumbaku na bado asitake kumuuzia mtoto wa mwenzake. Na mtu aliyegomea mshahara mwaka 1908 anaweza kuchukia kampuni tajiri kutumia uso wake bure. Kisichobishaniwa ni kwamba alisema hapana, kampuni kubwa ikatii, na aliyelipwa Dola 10 kwenye mpango huo alilipwa kutoka mfuko wa Wagner.

AMBAYE HAKUULIZWA KABISA

Kuna jina jingine linalostahili kutajwa hapa. Enzi hizo ligi kubwa zilikuwa zimewafungia nje wachezaji Weusi. Miongoni mwao alikuwepo John Henry Lloyd, aliyecheza nafasi ileile ya Wagner kwa ubora ambao ulifanya watu wamwite Wagner Mweusi. Wagner alipoambiwa, alisema kulinganishwa na Lloyd ni heshima kwake.

Lloyd hayumo katika kadi zile zaidi ya 500. Hakukataa, hakuna aliyemfuata kumwomba. Alikuja kuingizwa kwenye Jumba la Heshima la besiboli mwaka 1977, akiwa ameshafariki.

DUKA LAFUNGWA, ARUDI KAMBINI

Wagner aliendelea kucheza hadi 1917, akiwa na miaka 43. Juni 1914 alikuwa amefikisha mapigo 3,000, idadi ambayo ni wachache mno walioigusa hadi leo. Alimaliza akiwa na zaidi ya 3,400. Alipewa ukocha mkuu wa Pirates mwaka 1917, akasimamia michezo mitano, akapoteza minne, akaomba apumzike.

Desemba 1916 alimuoa Bessie Smith. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa akiwa amefariki, kisha wakapata mabinti wawili. Alifungua duka la vifaa vya michezo mjini Pittsburgh, lakini mdororo wa uchumi ulioanza 1929 ukalimaliza. Mpigaji bora mara nane akawa anahesabu senti.

Mwaka 1933 Pirates wakamwajiri kama kocha msaidizi. Haikuwa sadaka. Alikabidhiwa kijana Arky Vaughan, aliyecheza nafasi yake ya zamani, na miaka miwili baadaye Vaughan akawa mpigaji bora wa ligi kwa wastani wa .385. Wagner alibaki kambini hadi 1951, akiwa na miaka 77, akiwasimulia vijana stori ambazo nusu yake hawakujua kama ni za kweli.

Heshima hazikukosekana. Mwaka 1936 Jumba la Heshima lilipochagua wachezaji watano wa kwanza kabisa, Wagner alikuwemo, akipata kura 215 kati ya 226, sawasawa na Babe Ruth. Aprili 30, 1955 sanamu yake ilizinduliwa jirani na Forbes Field, mwenyewe akihudhuria akiwa dhaifu. Desemba 6 mwaka huohuo alifariki nyumbani kwake Carnegie akiwa na miaka 81.

KADI YAANZA MAISHA YAKE

Katika miaka ya 1930 mkusanyaji aliyeandaa orodha ya kwanza kubwa ya kadi hizo aliipa ya Wagner thamani ya Dola 50, na watu wakashangaa. Walikuwa hawajaona kitu.

Mwaka 1991 moja ilinunuliwa Dola 451,000 na Wayne Gretzky, staa wa hoki ya barafu wa Canada, na mwenzake Bruce McNall. Baadaye kadi hiyohiyo ikawekwa kuwa zawadi ya bahati nasibu, na mfanyakazi mmoja wa posta wa Florida akaibuka mshindi. Furaha haikudumu. Kodi ya zawadi ilikuwa kubwa kuliko uwezo wake, akaipeleka mnadani. Mwaka 2007 ilifika Dola 2.8 milioni.

Mwaka 2013 ikafumuka kashfa. Mfanyabiashara aliyeimiliki miaka ya 1980 alikiri mahakamani kuwa aliipunguza kingo ili ionekane mpya. Kadi maarufu kuliko zote ilikuwa imechezewa mkasi, na bado hakuna aliyeitupa.

Nyingine ilikwenda kwa wema zaidi. Mwaka 2010 masista wa Notre Dame wa Baltimore waliuza kadi waliyorithishwa na ndugu wa sista mwenzao, wakapata zaidi ya Dola 200,000 za kazi zao za huduma.

Leo kadi nyingi kati ya hizo zimefungiwa kwenye masanduku ya benki na makabati ya matajiri, na wengi hawataziona isipokuwa kwenye picha. Sanamu ya Wagner ipo nje ya PNC Park, uwanja wa sasa wa Pirates, ameshika gongo, miguu yake imekaa tayari. Mtoto yeyote wa Pittsburgh akifika pale anapiga naye picha bure, na hakuna anayemtaka anunue kwanza pakiti ya sigara.